Kengele ya Chumba cha Mama

Nilitoka nyumbani jua likizama, kandambili za mdogo wangu mkononi na hasira kifuani. Kandambili nilimpelekea kwa sababu viatu vyeusi walivyompa kazini vilimbana mpaka vikamtoa malengelenge. Hasira zilikuwa zangu mwenyewe. Hizo sijawahi kuziazima kwa mtu.

Chuoni waliniita Hoja. Nilikuwa nahodha wa timu ya mdahalo, na nilikuwa na maneno yangu ambayo ukumbi mzima uliyajua. Nikitaka kummaliza mpinzani nilinyanyua kidole, nikavuta pumzi, nikasema: "Nauliza, na ukumbi mnisaidie kuuliza..." Hapo watu walianza kupiga meza kabla hata sijauliza. Na kwenye timu yetu tulikuwa na sheria moja ambayo kila mgeni alifundishwa siku ya kwanza. Tuhuma ikitolewa, ijibiwe. Usipoijibu, hakimu anaandika kwamba umeikubali.

Niliishi kwa sheria hiyo. Sokoni, darasani, kwenye foleni ya maji. Mtu hakunisema nikamwacha aende zake.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, maana ndiye wa mwisho kwa mama yetu. Alikuwa amepata kazi kwenye ile nyumba kubwa ya mtaa wa juu, nyumba ya Mheshimiwa. Waziri wa zamani, marehemu, yule ambaye magazeti yalimpa jina la Sauti ya Wanyonge. Nyumba ilikaa miaka na miaka imefungwa, popo wanaingia na kutoka kwenye madirisha. Kisha familia wakairudishia uhai. Rangi mpya, ngazi zimepigwa nta, mapazia mazito, picha ya Mheshimiwa ukutani akinyoosha mkono kuelekea umati. Wageni wakaanza kuja kutembezwa.

Na kazi ya Kitinda? Alivalishwa gauni jeusi na aproni nyeupe, akasimamishwa kwenye korido ya jikoni, chini ya ubao wa kengele. Zamani kila chumba cha juu kilikuwa na kamba yake. Mama mwenye nyumba akivuta kamba, waya unapita ndani ya ukuta, kengele inalia kule chini kwa watumishi. Sasa wageni walipofika chumba cha juu waliambiwa hiyo habari, mtu akagonga kengele kwa mkono, na Kitinda huko chini akaitika kwa sauti nyembamba: "Abee, Mama!"

Wageni wakapiga makofi.

"Ni maigizo tu, dada," aliniambia.

"Maigizo ya nini? Ya bibi zetu wakiitwa kama kuku?"

"Usinianze. Hapa si ukumbini."

"Na picha ya Sauti ya Wanyonge iko hapo hapo ukutani, inatazama?"

"Iko sebuleni. Haioni korido." Akacheka. Kitinda ana kicheko cha mtu ambaye hajawahi kumkosea mtu.

Mchana ule nilikuwa nalalamika simuni kwa rafiki yangu, napiga kelele uani, sikujua kama Bibi yuko nyuma yangu anasuuza vyombo. Bibi tulikuwa tumemwambia kwamba Kitinda amepata kazi hotelini. Nilisikia sinia likianguka.

"Anasimama wapi huyo mtoto?" Bibi aliuliza.

"Kwenye korido ya jikoni, Bibi. Chini ya kengele."

"Na anaitika?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Bibi alikaa chini palepale kwenye maji. Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa hivyo.

Hapa lazima niwaambie jambo la kwetu. Kwetu mtu akiitwa haitiki. Anakuja. Ukiitwa kutoka chumba kingine ukajibu "abee" kwa sauti, Bibi alikuchapa mdomoni, hata kama ulikuwa na wageni. Unatakiwa unyanyuke, uende, usimame mlangoni uonekane. Shuleni walimu walidhani hatuna adabu. Tulidhani ni mambo ya Bibi tu, kama wengine wanavyokataza watoto kupiga mluzi ndani.

Na tulikuwa na Bibi Mkubwa. Dada yake Bibi, aliyeishi chumba cha nyuma mpaka alipofariki nikiwa bado msichana mdogo. Bibi Mkubwa alikuwa na neno moja tu maishani mwake. Umeamka? Abee. Umekula? Abee. Unaumwa wapi? Abee. Tuliambiwa ni homa iliyompata ujanani. Kila jioni, taa zikianza kuwaka, alisimama, akanyoosha sketi yake kwa viganja viwili kutoka kiunoni kwenda chini, akautazama mlango. Mpaka mtu amkalishe.

Niliyajua hayo yote. Sikuwahi kuyaunganisha.

"Kamtoe," Bibi alisema. "Sasa hivi, kabla giza halijaingia. Nilifanya kazi ile nyumba, mimi na dada yangu. Kamtoe, na usiingie na maneno yako. Ukiitwa mle ndani, usijibu. Umenisikia? Hata wakikutukana."

"Nani ataniita, Bibi?"

"Hata wakikutukana!"

Nikaapa. Nikachukua kandambili, nikaondoka.

Ukuta wa nje wa nyumba ulikuwa umebandikwa mabango ya mjukuu wa Mheshimiwa. Alikuwa akigombea kiti cha babu yake. Kijana mzuri, shati jeupe, na chini yake maneno mawili: SAUTI INARUDI. Wajuzi wa mtaani walikuwa wakicheka kichinichini, kwa sababu kila mtu alijua Mgombea ana kigugumizi kizito. Kwenye mikutano alipunga mkono tu, wengine wakasema kwa niaba yake.

"Tumefunga," mlinzi wa getini alisema. Hakunitazama.

"Nimemfuata mdogo wangu."

"Watumishi wanatoka wakiruhusiwa."

"Watumishi? Huyo ni mwanafunzi aliyeajiriwa. Sheria gani inasema..."

Nikajikumbuka. Nikafunga mdomo. Mlinzi akanitazama sasa, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayepima nyama kwa macho. Akageukia kibanda chake, akasema kwenye simu yake ya ukutani: "Amekuja." Akasikiliza. Akafungua geti.

Amekuja. Sikumwambia mimi ni nani.

Ndani kulinukia rangi mpya na nta ya sakafu. Lakini chini ya harufu hizo kulikuwa na nyingine, yenye joto... Nilisimama ukumbini nikijaribu kuitambua. Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa cha mtu aliyeamka na njaa, karibu sana na uso wako.

Kutoka sebuleni, nyuma ya mlango uliofungwa, nilisikia mwanamume akifanya mazoezi ya hotuba.

"N-n-ndugu w-w-wa... n-ndugu..."

Kiatu kikapiga sakafu kwa hasira.

"N-n-ndugu w-w-wananchi..."

"Anajitahidi sana," sauti ilisema juu yangu.

Mwanamke alikuwa anashuka ngazi polepole, mkono kwenye kishikio cha ngazi kilichong'aa. Wote walimwita Madam. Mkwe wa Mheshimiwa, mama yake Mgombea, msimamizi wa nyumba. Lulu masikioni, sura ya mtu aliyewahi kunusa jambo baya akaamua kubaki na sura hiyo hiyo.

"Shikamoo," nilisema.

Hakuitikia shikamoo yangu. "Wewe ndiye Hoja."

"Nimemfuata mdogo wangu. Bibi anaumwa."

"Nilikusikiliza kwenye mashindano ya vyuo. Nilikaa mstari wa mbele, hukuniona. Ukumbi mzima ulikuwa mkononi mwako." Alifika ngazi ya mwisho, akasimama hapo, ili aendelee kunitazama kutoka juu. "Kipaji kama hicho, kinakaa kwenye familia ya wafua nguo. Mungu naye ana mizaha."

Nilihisi damu ikinipanda masikioni. Majibu yalinijia yote, yamepangwa, yamenolewa. Nikauma ulimi.

"Mh," Madam alisema. "Leo huna la kusema? Watu wa kwenu wana midomo. Isipokuwa yule mmoja."

Akaondoka kuelekea sebuleni, akafungua mlango, akaingia kwa mwanawe. Kigugumizi kikatoka kwa nguvu kidogo, kisha mlango ukakifunika.

Nikaenda kumtafuta mdogo wangu.

Korido ya jikoni ilikuwa ndefu na nyembamba, taa moja. Sakafu yote ilikuwa imewekwa vigae vipya, vyeupe, isipokuwa kigae kimoja chini ya ubao wa kengele. Hicho walikiacha cha zamani. Kilikuwa na mabonde mawili, yameliwa na nyayo za wasichana waliosimama hapo. Kitinda alikuwa amesimama juu yake. Miguu yake imekaa kwenye mabonde barabara, kama vile kigae kilichongwa kwa ajili yake.

"Kitinda. Twende nyumbani."

Hakugeuka.

"Kitinda! Nimekuletea kandambili."

"Dada, punguza sauti," alinong'ona. Midomo yake ilisogea kidogo sana. "Bado hajaniruhusu."

"Madam yuko sebuleni. Tunapita mlango wa nyuma."

"Si Madam."

"Nani basi?"

"Mama."

Nilitazama ubao. Kengele ndogo za shaba zilipangwa mstari, chini ya kila moja jina la chumba. Maktaba. Sebule. Chumba cha Mheshimiwa. Chumba cha Mama. Nikapitisha mkono nyuma ya ubao. Hakukuwa na kitu. Waya hata mmoja hakuna. Matundu yalizibwa kwa plasta.

"Nyaya zilitolewa," Kitinda alisema, kana kwamba ananisoma. "Madam huwaambia wageni. Kengele ni pambo. Mchana mtu anazigonga kwa mkono. Lakini leo wamenibakiza mpaka jioni, dada... na jioni..."

"Jioni nini?"

"Sikiliza."

Mwanzo sikusikia chochote, ila yule mwanamume mbali sebuleni akipigana na neno lake. Kisha nikasikia.

Krr...

Ndani ya ukuta. Juu, karibu na dari. Kama ukucha unaburuzwa kwenye plasta kwa ndani.

Krrr... krrr...

Mkwaruzo ulishuka. Ulifuata njia ambayo waya ungepita, ukakata kona pale ambapo waya ungekata kona, ukaja mpaka nyuma ya ubao. Ukasimama.

Kengele ya Chumba cha Mama ikatikisika.

Ting.

Mdomo wa Kitinda ulifunguka. Nilimrukia, nikauziba kwa kiganja. Nilihisi ulimi wake ukisukuma mkono wangu, ukiliumba lile neno peke yake, kama samaki anayetaka kurudi majini. Machozi yalimtiririka kwenye vidole vyangu. Yeye hakutaka. Ulimi ndio uliotaka.

Ting. Ting.

Nilimvuta. Miguu haikutoka kwenye kigae. Nikamwinua mzima mzima kiunoni, viatu vikabaki pale pale, vyeusi, vimepangana, ncha zikiutazama ukuta. Nikamburuta kuelekea mlango wa nyuma, mkono mmoja mdomoni mwake.

Mlango ulikuwa mwisho wa korido, pembeni ya ngazi nyembamba ya watumishi inayopanda juu gizani. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa. Nikaushika. Ulikuwa mgumu.

Na harufu ile ikashuka ngazi.

"We binti..."

Sauti ya mwanamke mzee. Safi. Ya taratibu. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kuita mara mbili.

Nikazungusha ufunguo. Haukuzunguka.

"We binti. Huitiki?"

Nilinyamaza. Bibi aliniambia. Nilinyamaza, nikazungusha ufunguo tena.

Ngazi ya juu ikalia. Kisha iliyofuata. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na giza tu, na giza lilikuwa linashuka ngazi kwa uangalifu, kama mtu anayeshika gauni lake lisikanyagwe.

"Wajukuu wa mfua nguo. Mnaingia kwangu bila kupiga hodi."

Nyamaza, Hoja.

"Mmelelewa na nani? Mikono michafu, vichwa vimejaa vitabu vya kuazima."

Nyamaza. Ufunguo ukasogea kidogo.

"Mnajiona mna heshima. Ninyi?" Ngazi nyingine ikalia. Pumzi yenye joto ikanigusa shingoni. "Muulizeni bibi yenu dada yake alipotezea wapi sauti. Atawaambia ni homa. Yule alimtoa mwenyewe. Mimi nilivuta kamba nikitaka mmoja, yeyote, na bibi yenu akamsukuma dada yake mbele. Alimuuza dada yake, binti. Alimuuza ili yeye aende zake."

Ufunguo ulizunguka.

Mlango ulikuwa umefunguka! Naapa. Nilihisi upepo wa nje kwenye kifundo cha mguu. Hatua moja tu, basi, na tungekuwa uani. Lakini lile neno lilikuwa hewani, na halijajibiwa, na bibi yangu, aliyeniosha na kunilisha na kunilipia shule kwa mikono iliyopasuka kwa sabuni, hakuwepo kujitetea. Niwaulize, ningefanyaje? Tuhuma ikitolewa...

Niligeuka. Nikanyanyua kidole.

"Mwongo wewe!" nilipaza. "Nauliza, na..."

Sikumaliza.

Mmeshawahi kuona pindo la nguo likifumuka? Uzi mmoja ukishikwa, ukavutwa, mshono wote unafuata bila kelele. Ndivyo ilivyokuwa kooni mwangu. Haikuuma. Kitu chembamba, kirefu, kilianza kutoka, na kilikuwa na urefu wa maisha yangu yote... nyimbo za utotoni, ubishi wa uani, kila hotuba, kila tusi zuri nililowahi kulitunga... kikapanda ngazi, kikaingia gizani.

Pale juu, mtu akashusha pumzi. Kama aliyeshiba.

"Ahsante, binti."

Huko sebuleni, kigugumizi kilikuwa kimekoma.

Madam alikuwa amesimama kwenye mwanga mwanzoni mwa korido. Sijui alifika lini. Aliinama, akaokota viatu vyeusi, akavipangusa kwa kiganja.

"Kitinda, kazi imekwisha," alisema. "Kesho usije. Hatukuhitaji tena." Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Msalimieni bibi yenu. Mwambieni nyumba imerudi kama zamani."

Tulikimbia. Kitinda alivaa kandambili zake barabarani, chini ya taa ya duka lililofungwa, akilia na kuongea kwa pamoja kama mtu aliyezuiwa kusema kwa muda mrefu.

"Aliniuliza habari zako tangu siku ya kwanza. Dada yako anasoma nini, dada yako anakasirishwa na nini, dada yako akisikia unaitika atafanyaje. Nilidhani anakupenda! Nilikuwa najivuna, dada. Nisamehe. Dada? Mbona husemi? Nitukane basi. Dada?"

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nilitaka kusema nitamfikisha yule mwanamke mahakamani, magazetini, kila mahali. Nilifungua mdomo.

"Abee," nilisema.

Tukatazamana.

Bibi alikuwa anatusubiri kizingitini. Alimpapasa Kitinda kwanza, uso, koo, akamwambia sema jina la mama yako, Kitinda akalisema, Bibi akamshukuru Mungu. Kisha akaja kwangu. Akanishika taya kwa mkono wake uliokwaruza, akaniinua uso kwenye mwanga.

"Uliitika?"

"Abee."

Hakulia. Aliingia ndani, akatandika kitanda cha chumba cha nyuma.

Usiku ule alimwambia Kitinda kile alichokijua, nami nikisikiliza. Kwamba Mheshimiwa alipokuwa kijana hakuweza kumaliza sentensi. Kwamba mama yake, mwenye nyumba, alikuwa na kamba yake. Kwamba wao hawaibi, wanaita tu, na anayejibu ametoa mwenyewe. Ukija kimya ukasimama mlangoni, hawana la kukufanya zaidi ya kukupiga; Bibi alipigwa sana. Kwamba dada yake alikuwa mwimbaji, mwenye ulimi kuliko watu wote pale. Jioni moja kengele ililia, dada yake akaitika, na kabla ya mavuno Mheshimiwa alikuwa anahutubia umati, watu wanalia.

"Mbona hukusema, Bibi?" Kitinda aliuliza. "Miaka yote hii?"

"Nimwambie nani? Picha yake ilikuwa hadi hospitalini."

Hospitali tulikwenda. Daktari alinimulika koo, akasema liko salama kabisa, akanitaka niseme "aa". Mnajua nilisema nini. Aliandika kwamba ni uchovu wa masomo.

Na mimi nauliza, kwa maandishi sasa, maana mkono wamenibakishia: kutoa ni nini? Mtu akikuita kwa kumtukana bibi yako, ukajibu, hapo umetoa kwa hiari? Ningekuwa na mdomo wangu ningeishinda hoja hiyo mbele ya hakimu yeyote. Nadhani ndiyo maana walianza na mdomo.

Wiki ya mwisho ya kampeni jirani yetu alifungulia redio kwa sauti ya juu, mkutano wa Mgombea. Nilikuwa nachambua mchele. Sauti ya kiume ikatoka, nzito, tamu, haikujikwaa hata herufi. Uwanja ulinguruma. Akawaacha wangurume, akatulia pale pale ambapo mimi ningetulia. Nikamwona, sijui kwa macho gani, akinyanyua kidole. Akavuta pumzi.

"Nauliza," alisema, "na uwanja mnisaidie kuuliza..."

Maelfu ya watu wakaanza kupiga makofi kabla hajauliza.

Kitinda alikimbia kwenda kuzima redio ya jirani, wakagombana uani, nikamsikia akijitetea, akijibu, sauti imeanza kukomaa. Nilitaka kumwambia apunguze. Asisikike sana.

Alishinda, bila shaka. Nyumba ina wageni wengi kuliko zamani. Nasikia wametangaza nafasi ya msichana wa korido.

Jambo moja limebaki linanikera, na kwa mtu kama mimi jambo likibaki bila jibu ni kama mfupa kooni. Nilimwandikia Kitinda kwenye karatasi, kwa kuwa Bibi hajui kusoma, nikamwomba amuulize kwa niaba yangu. Ni kweli alimsukuma dada yake mbele?

Kitinda alimuuliza. Bibi alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka. Aliendelea kukunja gauni lile lile, akalikunjua, akalikunja tena. Tulingoja. Kisha akanyanyuka, akaenda zake nje.

Hakujibu.

Labda ni tabia ya mtu aliyejifunza kutojibu. Labda. Hakimu yeyote wa mdahalo ningemwambia asiandike chochote kwanza.

Jua limezama. Taa za jirani zinaanza kuwaka, moja moja. Naandika haya nikiwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama lini. Ndani ya ukuta wa chumba hiki, ambao hauna waya wa aina yoyote, juu karibu na dari, kuna kitu kinakwaruza.

Kalamu iko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umeshaanza kunyoosha sketi.